Njia ya miguu imevunjika mtaani kwenu? Mwongozo kamili wa kuripoti mpaka itengenezwe, Unguja na Pemba

Assalaam aleikum jamani. Hii nimeiandika ndefu makusudi, mana nimechoka kuona picha za mashimo kwenye magrupu ya WhatsApp, watu mia wanasikitika halafu basi, shimo lipo pale pale.

Masika ya mwaka juzi mama yangu mkubwa alikuwa anarudi khitmani baada ya Isha, umeme umekatika, maji yamejaa huwezi kujua wapi lami wapi mtaro, akakanyaga pale ambapo slebu ya zege ya kufunikia mtaro ilivunjwa na gari la mchanga miezi mitatu nyuma. Mguu ukaingia mpaka pajani. Akafungwa POP wiki sita. Na kilichoniuma zaidi ya yote ni kwamba mtaa mzima tulikuwa tunalijua lile shimo, tunalikwepa kila siku, tulishatia na tawi la mwembe, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeandika popote. Nilipoanza kuzunguka nikenda ofisi moja nikaambiwa hilo sio letu, ya pili wakasema tumeshasikia, ya tatu wakaniambia leta barua. Ile barua ndio iliyofanya kazi. Maneno ya mdomo yakishatoka hayana mwenyewe, yakiandikwa na kugongwa muhuri kuna mtu atatakiwa ayajibu.

Basi tuanze.

Kwanza zuia asiumie mtu leo

Kuripoti kunachukua siku, shimo halisubiri. Kama slebu imekatika au mfuniko wa chuma umeibiwa ukauzwe chakavu, weka alama inayoonekana mbali na usiku pia, kwa mfano ndoo kuukuu umeijaza mawe na kijiti chenye kitambaa cheupe juu, au tairi bovu umelipaka chokaa. Tawi letu lile la mwembe linasaidia mchana tu, usiku halionekani na likikauka linaangukia ndani. Usiweke jiwe tupu kwenye lami, mtu wa vespa au wa baskeli atalivaa.

Kama ni waya wa umeme umelala njiani au nguzo imeinama, usiguse, usisogeze na kijiti hata kiwe kikavu vipi, ogopa na maji yaliyotuama karibu yake, zuia watu mbali na wapigieni ZECO, shirika letu la umeme, hapo hapo. Hiyo sio ya kuandikia barua.

Na usichanganye zege ukaziba mwenyewe bila ya kuuliza, hasa kama uko Mji Mkongwe. Ule mji umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tokea 2000 na ujenzi wowote mle unataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, hata kama nia yako nzuri. Tena ukiziba vibaya unaweza kuziba njia ya maji, mvua ikija nyumba ya jirani inajaa.

Jua kilichoharibika ni cha nani

Hapa ndipo wengi tunapopotelea. Njia ya hatua hamsini inaweza kuwa na wenyewe wanne. Kwa hiyo simama pale pale, tazama nini hasa kimeharibika, usiseme tu "barabara mbovu".

Mfuniko mdogo wenye mita au koki ya maji ndani yake, au bomba linalovuja mpaka limechimba njia, hiyo ni ya Mamlaka ya Maji, ZAWA. Nguzo na waya za umeme ni ZECO. Mashimo yaliyochimbwa kupitisha waya za simu na intaneti yakaachwa, hayo ni ya kampuni iliyochimba, na mara nyingi jina lake utalikuta limeandikwa juu ya mfuniko wenyewe, lipige picha. Njia ya miguu kwenye barabara kubwa zile zinazounganisha maeneo, anzia Wakala wa Barabara ulio chini ya wizara ya ujenzi na uchukuzi. Njia za ndani ya mitaa, mitaro ya mtaani, taka zilizomwagwa juu ya njia, meza za biashara zilizoziba pa kupita, mchanga na matofali ya mtu anayejenga, hayo pelekea baraza lenu la manispaa au baraza la mji. Gari zinazopaki juu ya njia ya miguu ni trafiki, na baraza pia wapewe habari kama ni tabia ya kila siku.

Sasa baraza lipi? Kwa Mkoa wa Mjini Magharibi kuna manispaa tatu. Ukiwa Kikwajuni, Michenzani, Mlandege, Jang'ombe, Mpendae, Amani, wewe ni Manispaa ya Mjini. Mtoni, Bububu, Mwera ni Magharibi A. Mwanakwerekwe, Fuoni, Kiembesamaki, Tomondo ni Magharibi B. Mkoa huu kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu 893,169 kati ya watu 1,889,773 wa Zanzibar nzima, yaani karibu nusu yetu tumejazana hapa, kwa hiyo barua ikienda manispaa isiyokuwa yako inaingia kwenye rundo la watu wengine na haitoki. Mpakani hasa ndio pana shida, upande huu wa barabara manispaa moja na upande ule nyengine, hapo muulize sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yenu, kabla hujaandika kitu.

Ndugu zetu wa Pemba, Chake Chake, Wete na Mkoani kila mji una baraza lake, na mambo ya wizara yana ofisi zake huko huko Pemba, huna haja ya kupanda boti kuja Unguja na usikubali kuambiwa hivyo.

Ukibaki na wasiwasi usikae ukasubiri uwe na uhakika. Chagua ofisi unayoiona ndiyo, halafu tumia ile sentensi nitayokupa kwenye barua.

Pima, halafu piga picha

Ofisini wakisoma "kuna shimo kubwa hatari sana" hawajui wapeleke mtu mmoja na ndoo ya saruji au gari na slebu. Wakisoma vipimo wanajua. Chukua futi kamba, pima urefu, upana na kina. Huna futi kamba tumia rula ya mtoto wa skuli na kijiti, tia kijiti mpaka chini, weka alama, kipime nje. Usiingie ndani wala usitie mkono.

Pima pia nafasi iliyobaki ya kupita. Kigari cha mtu mwenye ulemavu kwa kawaida kina upana wa sentimita 65 mpaka 70, na ili kipite vizuri kinataka angalau sentimita 90. Kwa hiyo kama baina ya ukuta na nguzo pamebaki sentimita 60, andika hivyo hivyo, mana hiyo inamaanisha kuna watu hapo hawapiti kabisa, sio kwamba wanapita kwa tabu.

Picha nne zinatosha na zinashinda picha ishirini:

Moja ya mbali, ionekane na kitu ambacho kila mtu anakijua, msikiti, skuli, duka, mbuyu.
Moja ya karibu na kitu cha kulinganishia, kandambili au chupa ya maji, uiweke pembeni ya shimo.
Moja inayoonyesha watu wanafanya nini, yaani wanashuka kwenye lami wakikutana na gari, piga kwa nyuma nyuso zisionekane, hasa watoto.
Moja ya usiku au ya mvua kama shida inazidi wakati huo.

Angalia tu unapopiga, karibu na kambi za vikosi, Ikulu na sehemu kama hizo usitoe foni kabisa. Hapo andika kwa maneno.

Eleza pahala mtu asiyepajua apapate

Sisi tunaelekezana kwa "pale kwenye mwarobaini, kwa yule mama wa mandazi", na sheha atakufahamu lakini fundi aliyetumwa na gari hatafahamu. Tokea zoezi la anwani za makazi la 2022 nyumba nyingi zina kibao cha namba na njia nyingi zina jina, basi tazama nyumba iliyo karibu na shimo uandike namba yake. Halafu fungua Google Maps, bonyeza kwa muda pale ulipo, zitakuja namba mbili ndefu, zinakili zote, kwa Unguja namba ya mwanzo inaanza na -6 au -5 na ya pili 39. Usisahau ile alama ya kutoa mbele, ukiiacha watakwenda kutafuta pahala pengine kabisa duniani. Andika na upande, "kushoto ukitokea Amani kwenda Mwanakwerekwe", mana barabara ina pande mbili na nimeshaona mafundi wamekuja wakatengeneza upande mwengine wakaondoka.

Pitia kwa sheha, lakini usiishie kwa sheha

Sheha ndie mlango wa kwanza kwetu na ukimruka atajua na litakukwaza baadae. Nenda kwa adabu, "Assalaam aleikum sheha, nimekuja na jambo la mtaa", umuonyeshe picha, umuombe vitu viwili tu: akuthibitishie baraza gani linahusika, na agonge muhuri wake kwenye barua yako au akuandikie kibarua kidogo cha kukutambulisha. Barua yenye muhuri wa shehia inapokelewa tofauti na ya mtu aliyetokea tu njiani.

Ila sheha hana fedha ya slebu. Ukimwambia kwa mdomo halafu ukarudi nyumbani ukasubiri, umemtwisha mzigo ambao sio wake. Barua ichukue wewe mwenyewe uipeleke.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Shida moja, pahala pamoja. Ukichanganya slebu na taka na taa na mbwa wanaozurura kwenye barua moja, itagawanywa idara nne na hakuna hata idara moja itakayoishika. Kama shida ni tatu andika barua tatu. Mfano huu unaweza kuuchukua kama ulivyo:

Jina lako, shehia yako, namba yako ya simu
Tarehe

Mkurugenzi,
Baraza la Manispaa Magharibi B,
Zanzibar.

YAH: SLEBU MBILI ZILIZOVUNJIKA KWENYE NJIA YA WAENDA KWA MIGUU, SHEHIA YA ......

Tafadhali husika na mada ya hapo juu.

Slebu mbili za kufunikia mtaro zimevunjika upande wa kushoto ukitokea skuli kuelekea msikitini, mbele ya nyumba namba ...... Uwazi uliopo una urefu wa mita 1.4, upana sentimita 60 na kina sentimita 90. Hali hii ipo tangu tarehe ...... Wanafunzi wanapita hapo asubuhi na mchana, na tarehe ...... mama mmoja mtu mzima alitumbukia akaumia mguu.

Tunaomba slebu hizo zibadilishwe, na kabla ya hapo pawekwe alama ya tahadhari. Ikiwa eneo hili haliko chini ya Baraza lako, tunaomba tujuilishwe kwa maandishi ni taasisi gani inayohusika.

Picha nne na ramani zimeambatishwa.

Saini na majina

Nakala: Sheha wa shehia ......, Diwani wa wadi ......

Ile sentensi ya "tujuilishwe kwa maandishi ni taasisi gani inayohusika" ndio roho ya barua nzima, usiitoe. Kwanza ni ngumu kwa ofisi kukujibu "sio letu" halafu ikanyamaza. Pili wakikuandikia kwamba ni la fulani, ile karatasi unaipeleka kwa huyo fulani na yeye hana tena pa kukusukumia.

Weka saini za watu watano sita wa nyumba za jirani, na kama kuna skuli mwombe mwalimu mkuu asaini. Usitukane, usiseme "mmetutupa", hata kama una hasira, na hasira una haki nayo, lakini aliekaa masjala kupokea barua sie aliyevunja slebu. Aliyeumia usimtaje jina mpaka akubali mwenyewe.

Toa fotokopi. Nenda nazo mbili, moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe pale pale masjala, na uombe namba ya kumbukumbu. Usione haya kuomba, ni kawaida. Chicago tokea 1999 wana namba moja tu ya simu, 311, mtu akiripoti njia mbovu anapewa namba ya taarifa yake na anaifuatilia kwa namba hiyo mpaka mwisho, na Uingereza kuna tovuti ya FixMyStreet tokea 2007 kazi hiyo hiyo, mtu anabandika shida yake kwenye ramani. Huku kwetu kazi hiyo inafanywa na muhuri wa masjala. Bila ya muhuri ukirudi baada ya mwezi unaanza upya na mtu mwengine. Nenda asubuhi mapema, Ijumaa jaribu kuiepuka.

Ukishapata, piga picha ile nakala uiweke kwenye grupu la mtaa. Hapo sasa grupu lina faida.

Baskeli

Watu wanasahau kwamba baskeli huku sio mchezo, ni kazi. Mchuuzi wa samaki anatoka Malindi na tenga nyuma, muuza mikate anatoka alfajiri, mwanafunzi anakuja skuli akiwa amempakia mdogo wake. Sehemu nyingi hakuna njia yao peke yao, wanategemea ule ukingo wa lami na ukingo ndio unaoliwa mwanzo.

Vya kuripoti vya baskeli ni vitatu na havionekani ukiwa ndani ya gari. Cha kwanza ni ukingo wa lami uliomeguka ukabaki ngazi, gurudumu likishuka halipandi tena, mtu anaanguka upande wa magari. Pima ile ngazi, hata sentimita 8 inamuangusha mtu mwenye mzigo. Cha pili ni grili za chuma za kupitisha maji ambazo pengo zake zimelazwa kufuata barabara, gurudumu jembamba linazama ndani, dawa yake ni kuigeuza ile grili pengo zikae kukata barabara, na hiyo iandike kwenye barua kabisa kama ombi mana ni kazi ya saa moja haina gharama. Cha tatu ni mchanga na kokoto za wajenzi zilizosambaa kwenye kona. Pemba hii ni mbaya zaidi kwa vile miteremko ni mingi, mtu anashuka Wete kuelekea bandarini breki ameshika na kokoto chini, hana pa kwenda.

Wapeni wenyewe baskeli wasaini barua. Saini ya mchuuzi anayepita pale mara mbili kila siku ina uzito.

Kufuatilia

Daftari moja. Tarehe, umezungumza na nani kwa cheo chake, kasema nini, kakwambia urudi lini. Mie najipa wiki mbili halafu narudi na nakala yangu yenye muhuri, naulizia kwa namba ya kumbukumbu. Swali zuri sio "mmefikia wapi", watakwambia linashughulikiwa. Uliza "faili lipo kwa ofisa gani na mhandisi atakwenda kuangalia lini". Wakisema wiki ijayo, andika mbele yao.

Ikipita mwezi kimya, diwani, yeye ni mjumbe wa baraza na anaweza kulisimamisha kwenye kikao chao. Baada yake Mkuu wa Wilaya, kisha mwakilishi wa jimbo. Kuna na mfumo wa Sema na Rais Mwinyi ambao mtu anatuma lalamiko lake kwa njia ya foni, lakini ushauri wangu usianzie huko, huko nenda ukiwa na muhuri, tarehe na picha, mana lalamiko likishushwa kwa ofisi husika kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni kama wao walipewa taarifa, na wewe unayo karatasi. ZBC na redio nyengine nazo zina vipindi vya kupiga simu, soma vipimo vyako na namba ya kumbukumbu, usilalamike kwa jumla.

Kama njia hiyo inawazuia watu wenye ulemavu, waandikieni nakala na UWZ, umoja wa watu wenye ulemavu, au ZANAB, jumuiya ya wasioona, jumuiya hizi zina watu wanaojua kulisema jambo hili kuliko sisi. Mtu asiyeona anatembea kwa fimbo, mtaro ulio wazi kwake hauna tawi la mwembe.

Kutengeneza ni kitu kimoja, kujenga mpya ni kitu chengine

Slebu, grili, kufagia mchanga, hayo yanatoka kwenye fedha za matengenezo na unaweza kuyaomba wakati wowote, ila bora kabla ya Machi masika hayajaanza, mvua ikishashika zege halikauki vizuri na mafundi wote wako kwenye maji. Lakini kama pale hapajawahi kuwa na njia ya miguu na mnataka ijengwe, hiyo inataka iingie kwenye bajeti, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukipeleka ombi Mei umechelewa, vitabu vishaandikwa. Pelekeni baina ya Oktoba na Disemba, mkiwa na hesabu ya watu: kaeni pale saa moja asubuhi mpaka saa mbili siku tatu za skuli, mhesabu waendao kwa miguu, baskeli, watoto, vigari. Karatasi na kalamu tu. Ombi lenye hesabu linaweza kusimama mbele ya kikao, lenye "wananchi wengi" halisimami.

Wakija kutengeneza

Awepo mtu wa mtaani siku hiyo, awaonyeshe pahala penyewe, awape maji ya kunywa. Wakimaliza kanyaga kila slebu pembeni na katikati, pita na baskeli, mwaga ndoo ya maji uone yanakwenda mtaroni au yanarudi mlangoni kwa mtu. Piga picha tena kwa pembe ile ile ya mwanzo.

Pale kwetu waliweka slebu mbili mpya, nilipopita na baskeli nikakuta moja inacheza ukiikanyaga ukingoni. Nikachukua vidio ya sekunde kumi, ule mgongano unasikika kabisa, nikaipeleka na namba ile ile ya kumbukumbu, na wiki hiyo hiyo fundi akarudi akaishindilia na saruji. Mama mkubwa anapita pale saivi akenda msikitini. Bado anashika ukuta.